Banda Limefungwa, Kuku Wanaliwa: Kusoma Dalili na Kuziba Tundu

Mfugaji akiamka na kukuta manyoya yametapakaa mlangoni pa banda, majirani hukusanyika na kila mmoja ana jibu lake. Huyu atasema kicheche, yule atasema fungo, mwingine atamtaja paka wa nyumba ya tatu. Wakati wanabishana, jambo lenye faida zaidi ni kuuliza huyo mnyama kapita wapi. Ukimwua mmoja na tundu likabaki, wiki ijayo atapita mwingine palepale. Ukiliziba tundu, haidhuru ni nani alikuwa analitumia.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na uliyoikuta, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo ya kawaida zaidi, na usikimbilie kununua wavu mpya kabla hujajua wa zamani ulishindwa wapi.

Kabla hujafagia

Acha mizoga ilipo kwanza. Piga picha kwa simu, kisha zunguka banda polepole ukitazama chini, katikati na juu. Angalia ncha za waya: mnyama aliyejipenyeza huacha nywele fupi zimenasa, na nywele hizo ziko kwenye tundu lenyewe, kwa hiyo umepata jibu bila kubahatisha. Angalia pia udongo uliosuguliwa ukawa laini chini ya mlango. Hiyo ni njia ya siku nyingi.

Kipimo kizuri unacho mkononi. Panapopita kidole gumba, panya mchanga anapita. Panapopita ngumi ya mtoto, nguchiro na kanu wanapita, maana kikipita kichwa kiwiliwili hufuata.

Halafu ingia ndani mchana wa jua kali, mwambie mtu akufungie mlango, usimame kimya mpaka macho yazoee giza. Kila panapoingia mwanga ambapo hukupanga uingie, pana kazi. Wengi hushangaa kuona mwanga mwingi hautoki ukutani, unatoka juu, pale bati linapokutana na ubao wa ukuta. Mawimbi ya bati yanaacha matundu mfululizo, kila moja likiwatosha panya na nyoka, na ubao ukipinda kidogo linamtosha hata kanu, ambaye ni mpandaji hodari.

Kama bado hujui, jioni nyunyiza majivu yaliyochekechwa au mchanga laini kuzunguka banda, upana wa hatua moja. Asubuhi usome. Nyayo za paka ni za mviringo na hazionyeshi kucha. Za mbwa huonyesha kucha. Nguchiro huacha vidole vitano na kucha ndefu. Kenge huburuza mkia, hivyo utaona mstari katikati ya nyayo. Ukiona nyayo za viatu, ruka hadi sehemu ya mwisho.

Kuku wengi wamekufa usiku mmoja, na mizoga imeachwa

Hii ndiyo inayouma zaidi, maana hata aliyeua hakula. Kuku mmoja akipiga kelele gizani na wengine wakaanza kurukaruka, mnyama aliye ndani ya chumba kisicho na pa kutokea huendelea kukamata kila kinachotikisika.

Sababu ya kwanza ni mbwa, wa mtaani au wa jirani, mara nyingi wawili. Majeraha ni mapana, mgongoni na mapajani, mizoga mingine iko nje, na wavu umesukumwa ndani au umeng'oka upande mmoja. Ya pili ni kanu au nguchiro. Hapo majeraha ni madogo, ya meno membamba shingoni na kichwani, na kuku wamerundikana kona moja. Nguchiro wengi hutembea mchana, ila yule mkubwa mwenye mkia mweupe ni wa usiku, na mabanda ya kuku anayafahamu vizuri. Ya tatu, kwa wanaoishi karibu na pori, ni nyegere. Ukikuta mbao zenyewe zimevunjwa au bati limekunjwa kutoka chini, mfikirie yeye. Nguvu zake hazilingani na umbo lake.

Anza na goti. Sukuma wavu kwa goti kutoka nje, katikati ya nguzo mbili. Wavu ukibonyea sana au misumari ikianza kuchomoka, mbwa naye ataweza. Kisha tazama wavu ulivyofungwa. Mafundi wengi hupiga msumari wa kawaida na kuukunja, na ukichunguza kwa karibu utaona kila msumari umeshika uzi mmoja tu wa waya. Uzi huo ukikatika, panafunguka kipande cha kupitisha kichwa.

Marekebisho ya bei nafuu: tumia misumari ya U, umbali usiozidi sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine, kisha pigilia ubao mwembamba juu yake ili wavu ubanwe katikati ya mbao mbili. Wavu ukae upande wa nje wa nguzo. Ukikaa ndani, anayesukuma anausaidia kuchomoka. Ukikaa nje, anaukandamiza kwenye nguzo.

Marekebisho ya kina ni kubadilisha wavu wenyewe kwenye sentimita 90 za chini. Huu wavu mwembamba wa matundu yenye pembe sita, unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mbwa asiingie hauwezi. Chini weka weldimeshi, ule wavu wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13, na waya wa unene wa angalau milimita 1. Juu unaweza kubaki na wavu wa kawaida. Ni ghali, sikatai, lakini huhitaji kuuzungushia banda lote hadi darini.

Mawimbi ya bati yazibe kwa vipande vya weldimeshi vilivyokunjwa na kupigiliwa kwenye ubao, ili hewa iendelee kupita. Ukuta ukiwa wa tofali, ziba kwa saruji lakini uache dirisha la wavu mahali pengine.

*Simama hapa:* mbwa, nguchiro au mnyama mwingine wa porini akikung'ata au akikukwaruza wakati unamfukuza, acha habari za kuku. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyama wa porini anayekusogelea bila woga, au anayeyumba na kutokwa mate, usimguse hata akiwa amekufa. Mpigie simu afisa mifugo wa kata.

Mbwa wa jirani ni suala la mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ukiwa na picha zako. Sumu usiweke. Inamwua mbwa, na mbwa wa mwingine, na paka wako, na kuku atakayedonoa matapishi, na siku mbaya inamkuta mtoto.

Kuku mmoja anatoweka kila baada ya siku chache, hakuna damu

1. Hakuwa ndani. Hili ndilo jibu mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali. Kuku wa kienyeji ana akili zake: mmoja atalala juu ya mwembe, mwingine chini ya ghala, mtetea mwenye mayai yake ya siri atalala kichakani. Wahesabu wakiwa wamekwisha panda fito za kulalia, saa 12 na nusu jioni hivi, kila siku kwa wiki moja. Anayelala nje mpeleke ndani kwa mkono siku kadhaa mfululizo, atazoea.

2. Mlango unafungwa kwa kuchelewa. Familia ikifunga banda baada ya taarifa ya habari, kuna muda mrefu wa giza ambapo mlango uko wazi. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, mwenye jina. Kazi ya wote haina mwenyewe.

3. Mwizi mwenye miguu miwili. Anachagua: anachukua jogoo mkubwa, na mlango anauacha umerudishwa vizuri.

4. Fungo au paka mwitu. Utakuta manyoya machache, kisha mengine mita kadhaa mbele, yakielekea kwenye nyasi ndefu. Fungo si mpandaji, hivyo tundu lake liko chini, mara nyingi kwenye kizingiti cha mlango. Chini ya mlango jenga kizingiti cha tofali na saruji, mlango ukae juu yake usiache nafasi ya kupitisha kidole. Fyeka nyasi kuzunguka banda kwa mita 3 hivi, maana wanyama hawa hawapendi kuvuka uwazi.

5. Chatu, hasa karibu na mito, mashamba ya miwa na ya mpunga. Unaweza kumkuta bado yumo ndani, tumbo limevimba, ameshindwa kutoka kwa tundu aliloingilia.

*Simama hapa:* chatu usimkate mapanga. Toa watu na mifugo, funga mlango, uite afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania. Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori la huko. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuua mnyamapori bila kibali kwa sababu tu amekukera. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013. Hilo ni hivyohivyo kwa chui. Ukiona dalili zake, kazi ya banda imeishia hapo kwa upande wako.

Kichwa hakipo au bawa limeng'olewa, mwili umebaki ndani

Hapa mara nyingi hakuna aliyeingia. Kuku alilala akiegemea wavu, kanu au paka akapitisha mkono au mdomo kutoka nje, akavuta kilichopita. Bundi naye hufanya hivyo.

Hamisha fito za kulalia zikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye wavu. Usiku huohuo inawezekana. Kisha usawa wa fito weka ubao, mabanzi au kipande cha bati kuanzia chini ya fito hadi juu ya kichwa cha kuku aliyesimama. Kila kuku apate sentimita 20 hadi 25 za fito. Wakibanana, wanyonge husukumwa hadi ukutani, na hao ndio wanaovutwa.

Kama kuku hajafa ila vidole au ngozi ya nyuma ya mguu imetafunwa, hao ni panya. Panya hula kuku aliyelala, na kuku wa usiku hana ujanja.

Vifaranga wanapungua

Kwanza jua wanapungua saa ngapi. Wahesabu asubuhi na jioni.

Wakipungua mchana, tazama juu. Mwewe na kipanga wapo kila mahali, na mijini pwani, kuanzia Tanga, Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa, yuko kunguru wa kijivu shingoni, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Huyu ni mbaya kuliko mwewe, kwa sababu hana haraka. Anakaa kwenye bati akimsoma mtetea, anasubiri ageuke. Kupaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi kunasaidia kwa muda, ndege wakishangaa, kisha wanazoea. Dawa ni paa. Wiki 4 za mwanzo vifaranga wakae chini ya tenga, au kwenye ua mdogo uliofunikwa juu. Wanaoishi karibu na wavuvi wana bahati, nyavu kuukuu za uvuvi zinafaa sana kufunikia juu na ni za bei ya maongezi. Zikaze, zisilegee, kwani kuku hunasa kwenye nyavu zilizolegea. Mchana huohuo mtazame na kenge. Anapenda vifaranga na mayai, anachimba, na kupanda anajua.

Wakipungua usiku, sababu ya kwanza ni panya. Utakuta matundu kando ya ukuta, kinyesi kwenye vihori vya chakula, na pengine mzoga nusu umevutwa hadi mdomoni mwa shimo. Ondoa chakula usiku, kihifadhi kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vigae vya chupa, au sindilia pamba ya chuma ya kusugulia masufuria kabla ya kuweka saruji, kwa sababu saruji tupu ikiwa mbichi wanaitafuna. Mitego inatosha kwa banda dogo. Dawa ya panya ndani ya banda siishauri: kuku hudonoa chambo, hudonoa na panya aliyekufa.

Sababu ya pili ni nyoka. Ishara moja ya kuaminika ni kifaranga aliyekufa akiwa mzima, kichwa na shingo vimelowa na manyoya yamelala upande mmoja. Nyoka alijaribu kummeza akashindwa, akamtema. Wavu wa nusu inchi huwazuia nyoka wakubwa. Wembamba hufuata panya, hivyo panya wakiondoka nusu ya tatizo la nyoka imeondoka nao.

*Simama hapa:* swila anayetema sumu hupenda mabanda ya kuku, kwa mayai, kwa vifaranga na kwa panya. Usiingize mkono kwenye kiota usichokiona ndani, na usiku usiingie bila tochi na viatu vya kufunika. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, usifikiche, kisha hospitali. Aking'ata, usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Vua pete na bangili, kiungo kisitikiswe, mpeleke hospitali mara moja. Kumtoa nyoka bandani ni kazi ya anayeijua.

Mayai yanapotea au yanavunjwa

Kabla ya kumlaumu mtu au mdudu, mshuku kuku mwenyewe. Kuku aliyewahi kuonja yai huwa mlaji, na utamjua kwa ute uliokauka mdomoni na maganda kiotani. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, weka kiota gizani kidogo, wape chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa. Asiyeacha, siku ya wageni inajulikana.

Yai lililotoweka bila ganda ni la nyoka, kenge, au mtoto wa nyumbani aliyetumwa dukani. Lililotobolewa tundu moja na kunyonywa nje ya kiota ni la kunguru. Ukikuta maganda yamekunjamana kama karatasi iliyofinywa, yamelowa, kando ya kiota, kuna nyoka mla mayai ambaye huvunja yai kooni na kutema ganda. Huyo hana sumu, lakini usimtambue kwa kukisia. Kwa wanaopakana na misitu, tumbili na nyani hufungua makomeo ya kuteleza bila shida. Weka komeo lenye kufuli, au angalau pete na waya mnene wa kuzungusha mara mbili.

Udongo umechimbwa kando ya ukuta

Wachimbaji ni mbwa, nguchiro, nyegere na kenge. Karibu wote hufanya jambo moja: huja hadi ukutani, huanza kuchimba palepale pua ilipogusa wavu. Hawana akili ya kurudi nyuma hatua mbili na kuanzia huko. Ujenzi wa kuwazuia unategemea tabia hiyo.

Njia rahisi ni kulaza wavu chini. Chukua weldimeshi, ukunje mfano wa herufi L, upande mmoja ufungwe kwenye sehemu ya chini ya ukuta wa banda, upande mwingine ulale juu ya ardhi kuelekea nje kwa sentimita 60. Ubane kwa vigingi vya nondo, utandaze mawe au udongo juu. Nyasi zitaota kupitia matundu na baada ya mvua moja hutauona. Anayechimba atakutana na waya chini ya makucha yake. Fundi akikuambia lazima mtaro, mwombe akuelezee ardhi ya kichanga itashikaje, maana Pwani mtaro hubomoka kabla hajamaliza upande wa pili.

Njia ya kina inafaa kwenye ardhi ngumu au ukitaka banda la kudumu: mtaro wa kina cha sentimita 45, wavu unashuka ndani, chini unamwaga zege la uwiano wa 1:3:6, saruji, mchanga na kokoto. Au panga kozi mbili za tofali chini ya ardhi na moja juu, kisha nguzo zisimame juu ya tofali. Hili la pili linakupa faida nyingine: mbao hazigusi udongo, na mchwa wanaonekana wakipanda.

Banda la miguu, la kuinua mita 1 kutoka ardhini, linaepuka mambo haya yote. Kila mguu uvishe koni ya bati, mdomo ukiangalia chini, kwenye urefu wa sentimita 90, ili panya arukapo asiivuke. Kisha usiegemeze kuni, ngazi wala jembe kwenye banda. Nimeona mabanda ya namna hii yaliyojengwa kwa ustadi, na ngazi ya kuku imeachwa imeegemea mlangoni usiku kucha.

Wavu umetoboka wenyewe

Maeneo ya bahari, hewa ya chumvi hula waya haraka. Bara, adui ni maranda yaliyolowa na kinyesi: sentimita 15 za chini huoza huku za juu zikiwa bado zinang'aa. Bonyeza kwa kidole gumba, kuzunguka lote. Waya ukikatika kwa kidole, badilisha ukanda wa chini peke yake. Maranda yasigusane na wavu, weka ubao wa kuyazuia. Waya mpya upake lami au rangi ya kuzuia kutu pale utakapogusana na udongo.

Nguzo nazo: chokonoa kwa bisibisi usawa wa ardhi. Ikizama, mchwa au kuoza kumeshaanza, na banda litalala siku ya upepo. Nguzo mpya zizame sentimita 60, zikiwa zimepakwa oili chafu au dawa ya mbao na kukauka kabla ya kuwekwa.

*Simama hapa:* nguzo za kona zikiwa zimeoza na paa ni la bati zito, usizichomoe peke yako. Fundi seremala atategemeza paa kwanza.

Siafu

Huja zaidi msimu wa mvua, na kuku aliyefungiwa hawezi kukimbia. Vifaranga na mtetea anayeatamia ndio huanza kufa. Usiku ukisikia kuku wanalalamika kwa sauti ya chini wakipigapiga miguu, toka na tochi utazame chini kabla ya kukanyaga. Fungua mlango, watoe kuku, siafu watapita na kwenda zao. Baadaye zungushia majivu mazito, na banda la miguu liwekewe kila mguu kwenye kopo lenye oili chafu. Usimwage mafuta ya taa na kuwasha moto karibu na banda la makuti au nyasi. Utawamaliza siafu, na banda, na pengine jiko.

Wamekufa, hakuna jeraha

Hapa hakuna mwindaji, na wavu hautasaidia. La kwanza kushuku ni mdondo, au kideri: kuku wanazubaa, kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, wanakufa wengi kwa siku chache. Kinga ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Waliokufa wazike kina kirefu au wachome, usile wala usiuze, na mwite afisa mifugo bila kuchelewa.

La pili huja baada ya ukarabati. Mtu kaliwa kuku, kakasirika, kafunika banda zima kwa bati. Wiki mbili baadaye kuku wanahema midomo wazi mchana, asubuhi ukifungua mlango hewa inachoma macho. Hewa hiyo huharibu mapafu yao na mafua hayaishi. Nusu ya juu ya kuta mbili zinazotazamana iwe wavu, na kuku wa mayai wasizidi 5 au 6 kwa mita moja ya mraba.

Kila kitu kimezibwa, bado wanapungua

Basi anayeingia ana ufunguo, au ana koleo. Angalia bawaba kabla ya kufuli. Kufuli la bei kubwa halina maana kama bawaba zimefungwa kwa skrubu zinazoonekana nje, kwa sababu mwizi anafungua upande huo. Tumia bolti zinazopenya mbao, nati zikae ndani, au mwambie fundi wa kuchomelea akupigie fremu ya chuma. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, wanakutengenezea siku hiyohiyo. Taa ya sola yenye kuhisi mwendo husaidia, na bata bukini wawili husaidia pia, ingawa majirani hawatakushukuru.

Kuna wanaofikia hatua ya kuunganisha wavu na umeme wa nyumbani. Usifanye, hata kwa usiku mmoja. Umeme huo unaua, na atakayeugusa kwanza huenda akawa mwanao anayefuata mpira, na aliyeutega atajibu mahakamani. Uzio wa umeme wa mifugo una mashine yake maalumu inayotoa mapigo mafupi. Ukiutaka, mtafute fundi umeme mwenye leseni auweke na kuweka vibao vya tahadhari. Ukishamjua mwizi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi, ukiwa na hesabu ya kuku iliyoandikwa kwenye daftari na picha zako za asubuhi.